Utetezi wa Mtunza Boila

Bwenini, tarehe 2 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mama naye umpelekee shikamoo yake, umwambie soksi zimefika, ila moja imeizidi nyingine kwa vidole viwili, nami nazivaa hivyo hivyo. Na matroni naye shikamoo, maana anasoma barua zetu zote kabla hazijatiwa stempu. Juzi alimrudishia mwenzangu barua yake akiwa amemsahihishia koma.

Baba, nimeingia matatani. Unakumbuka nilikuambia nimejiunga na klabu ya mdahalo kwa kazi ya kupiga kengele? Niliichagua kazi ile kwa akili zangu timamu. Mpiga kengele anakaa pembeni na saa ya mwalimu, anagonga mara moja dakika ya tano, mara mbili dakika ya sita, basi. Hatakiwi kufungua mdomo. Nilipenda kukaa karibu na wanaosema bila kuwa mmoja wao. Sasa msemaji wetu wa pili ameugua tetekuwanga, amerudishwa kwao, na mwalimu wa klabu, tunayemwita Nukta kwa sababu kila akimaliza sentensi anaigongea meza, aliangaza macho darasa zima akanisonda kidole mimi. Akasema, "Huyu amesikia hotuba zote za mwaka mzima. Hata kama alilala nusu yake, zinamtosha." Wenzangu wakacheka.

Ijumaa nilijaribu mbele ya watu kumi na wawili tu. Nikasimama, nikasema "Ndugu mwenyekiti," kisha nikabaki nimesimama pale mpaka kengele ya dakika ya tano ikalia. Sikuwa nimesahau, Baba. Maneno nilikuwa nayo yote, yalikataa kutoka. Nyumbani unaniita Chiriku. Ungeniona Ijumaa ungeniita gogo.

Shindano la kanda ni tarehe 24. Hoja ni moja msimu mzima: kwamba anayejua hatari kazini akanyamaza ana hatia sawa na aliyeisababisha. Ila upande hauchagui, unauchota kwenye kopo la maziwa lenye vikaratasi, na sisi tumechota kuunga mkono. Nukta anasema bila kisa kilichotokea kweli hakuna alama, na waamuzi wakinusa kisa cha kubuni wanakata pointi kumi. Wewe umekaa na boila miaka kumi na saba. Hukuwahi kuona kitu, au hata kusikia? Nipe kisa kimoja tu, nipate cha kushika nikiwa pale mbele. Naogopa vibaya sana. Hata uji haushuki.

Mwanao,
Chiriku


Nyumbani, tarehe 9 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Mama yako anasema soksi ndefu vaa mguu wa kushoto. Nilimuuliza kwa nini, akaniangalia tu.

Hiyo hofu usitafute mchawi, umeirithi kwangu. Siku ya harusi yangu walinipa nafasi ya kushukuru wageni, nikasimama nikasema "karibuni chakula," na chakula kilikuwa kimeshaliwa, vyombo vinaoshwa. Mpaka leo shemeji zangu wananiita Karibuni. Kwa hiyo jikaze kisabuni, mwanangu. Sisi watu wa kiwanda cha sabuni msemo huo ni wetu kabisa, wengine wanatuazima.

Kisa ninacho. Kuna rafiki yangu mmoja, mtunza boila kama mimi, kiwanda kingine, mbali, zamani kidogo. Boila unalijua, ni pipa kubwa la chuma lenye maji, chini yake moto, na mvuke wake ndio unaopika kila kitu kiwandani. Juu yake kuna vali ya usalama. Mvuke ukizidi, vali inafunguka yenyewe, inautoa nje kwa kelele, na watu wanapona. Sasa ile ya rafiki yangu ilichoka, ikawa inafunguka kabla ya wakati wake, na kila ikifunguka majungu ya kupikia yanapoa na kazi inasimama. Msimamizi akapanda ngazi na waya wa chuma akaifunga isifunguke. Akasema ni kwa siku mbili tu, mpya iko njiani.

Kila asubuhi mtunza boila anajaza daftari la ukaguzi: maji, kipimo, vali. Kwenye vali rafiki yangu akaandika "sawa." Kesho yake akaandika tena. Siku mbili zikawa miezi mitatu. Siku moja mvuke ulikosa pa kutokea, ukapasua bomba upande wa majungu, ukamchoma mpishi mmoja usoni na mikononi. Ikasemwa mpishi alifungua bomba vibaya. Rafiki yangu alikuwa amesimama pale pale na hakusema kitu.

Ndicho hicho. Ni cha kweli, hakuna atakayekukata pointi. Jina la kiwanda usiulize, watu bado wanaishi.

Baba yako


Bwenini, tarehe 25 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Tumeshinda. Naandika mbio mbio kabla ya kengele ya chakula na mkono bado hauna adabu, usishangae mwandiko.

Jukwaa lao ni la mbao na linalia ukilikanyaga, kwa hiyo ukumbi mzima ulisikia nikienda. Msemaji wetu wa kwanza, Redio, alikuwa amesema vizuri mno, na hilo ndilo lililonimaliza, maana sasa wa kuharibu nilikuwa nimebaki mimi peke yangu. Nimeshika meza kwa mikono miwili. Nikasema "Ndugu mwenyekiti," kikanijia kile kimya cha Ijumaa ya majaribio. Nikamwona mpiga kengele wao, kasichana kadogo na saa kubwa, ananiangalia kwa huruma. Huruma yake iliniudhi. Nikaanza habari za rafiki yako, na nilipoanza sikuweza kunyamaza.

Nakunakilia pale walipopapenda, uone ulivyonisaidia:

"Mtu huyu hakushika waya. Hakupanda ngazi. Alishika kalamu tu. Lakini msimamizi aliifunga vali mara moja, naye aliifunga kila asubuhi, kwa neno moja, sawa. Yeye alijua, mpishi hakujua. Alikunywa chai na mpishi huku anajua. Tukisema hatia yake ni pungufu, tutakuwa tumesema uso wa mpishi ni uso pungufu."

Mwamuzi wa katikati, mama mmoja wa miwani aliyewahi kuwa hakimu, akaniuliza, "Huyo mtunza boila yuko wapi sasa?" Nikasema sijui. Akasema, "Ningependa kujua."

Na mimi ningependa kujua, Baba. Nisamehe kama ni rafiki yako wa kweli, lakini nilimchukia mtu yule. Chuki ndiyo iliyonitoa woga. Yuko wapi? Na mpishi alipona?

Mwanao,
Chiriku


Nyumbani, tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na hongera. Mama yako aliisoma hotuba yako jikoni kwa sauti, mara mbili, mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Mimi nilitoka nje kidogo.

Mpishi alipona. Jicho moja halioni. Walimfukuza kazi, wakasema ni uzembe.

Rafiki yangu yupo. Anakwenda kazini kama watu wote.

Sasa nisikilize. Kisa kile usikirudie tena popote. Tafuta kingine, hata cha kubuni, wakukate hizo pointi. Na ikiwezekana mwombe mwalimu wako akurudishe kwenye kengele. Masomo ni mengi, mtihani unakuja, na mambo ya kusimama mbele za watu yanachosha mwili. Mama yako naye anaona hivyo.

Usiniulize sana.

Baba yako


Bwenini, tarehe 11 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali nilipokosea. Jumapili ilikuwa siku ya kutembelewa, na mama yake Redio aliniletea ujumbe kutoka kwa Mama. Anasema nikaze buti, na kwamba hotuba yangu ameibandika ukutani juu ya cherehani. Kwa hiyo si Mama anayeona hivyo. Ni wewe. Sijawahi kukusikia ukimsingizia Mama.

Kwenye kengele sirudi. Si kiburi. Bado naogopa kama mwanzo, kila nikifikiria jukwaa natokwa jasho jembamba, lakini nikirudi pembeni sasa nitakaa huko maisha yangu yote.

Fainali ni tarehe 30, ukumbi mkubwa wa mjini. Jana tulichota pande. Nukta alinishikia kopo mwenyewe, nikatoa kikaratasi, kimeandikwa KUPINGA. Yaani yule niliyemhukumu mwezi uliopita, sasa nimtetee. Nilidhani Nukta ataniruhusu kubadili kisa. Akasema thubutu. Waamuzi ni wale wale, kisa kile ndicho wanachokikumbuka, na nikikigeuza mbele ya macho yao nitanyakua alama zote.

Nimekaa na karatasi tupu siku nzima. Sina hata neno moja la kumtetea. Kwa hiyo nakuomba umuulize. Anapoandika "sawa" anajiambia nini? Akikutana na mpishi anamwangalia wapi? Niandikie yote atakayosema, hata ya kipuuzi, kuchambua nitachambua mwenyewe.

Jingine litakalokufurahisha: zawadi za fainali zinatoka kiwandani kwenu. Meneja wenu ndiye mgeni rasmi, atakaa mstari wa mbele. Nimepanga nikimaliza nimwendee, nimwambie mimi ni binti wa mtunza boila wake.

Mwanao,
Chiriku


Kiwandani, tarehe 15 Machi, saa ya chakula

Mwanangu,

Barua hii haipiti kwa matroni. Aliyekupa ni dereva wa lori la unga, mtu wa hapa mtaani kwetu, ukiwa na jibu mpe yeye. Isome ukiwa peke yako, halafu ichome.

Rafiki yangu hayupo. Hajawahi kuwapo. Kiwanda ni hiki na boila ni hili ambalo nimekaa mbele yake sasa hivi. Mpishi ni yule uliyekuwa ukimwita Mjomba Povu, aliyekukatia vipande vya sabuni vya umbo la samaki. Ulipouliza mbona hatuendi kwao tena, nilikuambia wamehama. Hawajahama. Wako nyuma ya soko, pale pale.

Wala si zamani. Ni Oktoba iliyopita. Bomba lilibadilishwa, vali bado imefungwa na waya ule ule.

Sijui kwa nini nilikuandikia. Uliniomba kitu cha kweli, na kitu hicho kilikuwa kimenikaa hapa kooni, nikadhani kikitoka kwa mgongo wa mtu mwingine nitapumua. Halafu ukanirudishia kwa mwandiko wako. Alikunywa chai na mpishi huku anajua. Ni kweli, tulikuwa tunakunywa kikombe kimoja, sukari akiweka yeye.

Unauliza anajiambia nini. Anajiambia nyumba ni ya kiwanda, akifukuzwa leo kesho vyombo viko nje. Anajiambia binti yake yuko shule nzuri. Anajiambia vali mpya inakuja, maana kila akiuliza anaambiwa inakuja. Siku ile Mjomba Povu alipobebwa, msimamizi alinivuta pembeni akasema, "Saini zote ni zako." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayenikumbusha nifunge mlango.

Asubuhi nikiwasha moto nauangalia mshale wa kipimo. Ukikaribia mstari mwekundu viganja vinalowa. Nimejifunza ujanja: naupunguza moto kabla ya wakati, namwibia msimamizi mvuke bila yeye kujua, ili usifike pale. Hivyo ndivyo ninavyowalinda watu themanini. Lakini siku nikiumwa homa, akakaa hapa mtu mwingine asiyejua, sijui. Hapo huwa naacha kufikiri. Tangu Oktoba sijaumwa hata siku moja, naogopa kuumwa.

Sasa wewe ukisimama mbele ya meneja ukasema waya, vali, mpishi, atakijua kiwanda chake kabla hujafika katikati. Nakuomba siku hiyo uumwe. Tumbo, kichwa, chochote. Sijawahi kukuomba useme uongo. Leo nakuomba.

Baba yako


Bwenini, tarehe 19 Machi

Baba,

Nimeipata. Nimeichoma nyuma ya jiko la shule. Mpishi wa hapa aliniuliza nachoma nini, nikasema makosa ya hesabu. Nilipomwangalia usoni nikashindwa kuendelea kumwangalia.

Sijui nikuandikie nini. Ile hotuba iko ukutani kwetu na wewe unakula chini yake. Kwa nini hukuniambia nisiipeleke nyumbani? Kila kitu kikilia hapa nashtuka. Juzi gurudumu la gari lilipasuka barabarani, nikajikuta nimesimama katikati ya kipindi, darasa zima linanicheka.

Nijibu swali moja tu, dereva akirudi Ijumaa. Leo asubuhi kwenye vali uliandika nini?

Chiriku


Ndani ya basi la shule, tarehe 30 Machi

Baba,

Dereva amerudi mikono mitupu, Ijumaa ile na iliyofuata. Kwa hiyo nilikwenda fainali bila jibu lako.

Kuumwa nilijaribu. Nilimwambia Nukta tumbo linanikata. Akanipa maji ya chumvi, akasema tumbo la fainali huwa linapona ukishika kipaza sauti.

Meneja wenu alikuwa pale nilipoambiwa atakuwa, mstari wa mbele, shati jeupe, anajifuta shingo na leso. Wa upande wa kuunga walianza. Msemaji wao wa pili akasimama, akasema, "Mwezi uliopita mpinzani wetu mwenyewe alituambia kwamba uso wa mpishi si uso pungufu." Alikuwa ameyakariri yote, Baba. Kalamu, ngazi, chai. Maneno yangu yanatoka mdomoni mwa msichana mwingine, tena ameyasema vizuri kuliko mimi, na nilikuwa najua yanakwenda kwa nani. Nikasimama kabla sijaitwa. Mwenyekiti akaniambia nikae, nikakaa, nikasimama tena.

Nilikutetea. Nilisema anayeishi kwenye nyumba ya mwajiri hana mdomo wake mwenyewe. Nilisema wamempa kalamu bila kumpa ufunguo, sasa mtamdai vipi mlango? Nilisema alikuwa anapunguza moto kila siku kwa siri, na kama watu themanini wanarudi kwao jioni ni kwa sababu yake. La nne nilisema hofu si kosa, na kwamba kila aliye humu ukumbini ana jambo alilolijua akanyamaza, ajiangalie mwenyewe kabla hajamhukumu mwenzake. Watu wakainamisha vichwa. Sikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha mpaka sasa, kwamba sikutetemeka.

Waamuzi wote watatu wakatupa ushindi, pamoja na yule mama hakimu. Aliyepiga makofi kuliko wote ni meneja wenu. Aliinuka kabisa. Akaja akanishika mkono, akasema, "Binti, umesema jambo. Wakaguzi wanawaonea sana watu wadogo." Halafu akauliza, huku ameushika mkono wangu, kisa nimekitoa wapi. Nikasema gazetini. Nukta alikuwa nyuma yangu, ana furaha kama yeye ndiye aliyeshinda, akadakia: "Gazeti gani? Huyu kwao ni boila tupu. Baba yake ndiye mtunza boila wako."

Mkono wangu hakuuachia mara moja. Nilihesabu, nilivyozoea kuhesabu kwenye kengele. Sekunde tisa. Akasema "Aa," basi. Akaenda kwenye gari lake simu ikiwa sikioni.

Baba, anajua. Naogopa mpaka meno yanagongana na jua ni kali. Redio ananiuliza nalia nini na kombe ninalo mapajani. Nakutumia hotuba nzima, kurasa nne. Wakikuita isome kama ilivyo, usipunguze wala usiongeze. Inafanya kazi. Imewashinda waamuzi watatu, na mmoja wao alikuwa hakimu. Mimi niliyeiandika sikuiamini hata neno moja, na ukumbi mzima uliiamini. Kwa hiyo na wao wataiamini. Tafadhali itumie.

Mwanao,
Chiriku


Nyumbani, tarehe 4 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, ingawa safari hii umesahau kuniamkia, na sikulaumu.

Kwanza utulie. Barua yako imenikuta nimeshafanya. Usijilaumu, wala mwalimu wako usimlaumu, ana kiherehere cha mapenzi tu.

Swali lako sikulijibu kwa sababu kila nikikaa kuandika, jibu lilikuwa lile lile, na nilitaka nikuandikie jingine. Asubuhi ya fainali nilifungua daftari nikaliangalia, nikalifunga. Nikachukua koleo la kukatia waya nikapanda ngazi. Usidhani nilipanda kishujaa. Koleo lilinidondoka mara mbili, ya pili nusura limpate msimamizi aliyekuwa chini ananiuliza kama nimepagawa. Nikaukata waya, nikashuka, nikazima moto.

Hujawahi kusikia kiwanda kikinyamaza. Watu walitoka kwenye majungu na povu mikononi, wakauliza kuna nini. Nikasema. Sauti haikutoka, nikasema mara ya pili. Nikawaambia habari ya vali na habari ya bomba, na kwamba Mjomba Povu hakukosea kitu. Halafu nikaenda kwa miguu mpaka ofisi ya mkaguzi wa serikali nikarudia yote. Kwa hiyo meneja alipokuwa anapiga ile simu garini, iliita kwenye kiwanda kilichopoa.

Sasa boila limefungwa kwa lakiri ya mkaguzi, watu themanini wako majumbani mwao mpaka litengenezwe, na hakuna ajuaye lini. Majirani hawatusalimii. Jana mchana mtu alirusha jiwe juu ya bati, nilipotoka nikawakuta wanawake watatu wanachambua mboga, hakuna aliyeinua uso. Nilikwenda kwa Mjomba Povu. Mkewe alisema amelala, na ilikuwa saa nne asubuhi, na miguu yake nilikuwa naiona chini ya pazia. Nitarudi tena. Mama yako alikaa siku mbili bila kusema nami. Leo ameniambia nivae shati la bluu kesho, hilo lina kola nzima.

Kesho ndiyo mkaguzi anakuja. Tutakaa ofisini kwa meneja: mkaguzi, meneja, msimamizi, mimi, na daftari lenye saini zangu zaidi ya mia mbili. Msimamizi ameshasema waya hajui aliufunga nani, na hakuna aliyemwona isipokuwa mimi. Inaweza kuniangukia yote. Sikufichi, naogopa. Asubuhi hii nimemimina chai pembeni ya kikombe, mama yako akafuta meza bila kuniuliza.

Hotuba yako nimeisoma yote. Ni nzuri mno, mwanangu. Mkaguzi ataniuliza kwa nini nilinyamaza, na nauona kabisa mpangilio, hii itamlainisha, hii itamnyamazisha. Hata mimi nilipofika sababu ya tatu nilianza kujionea huruma, nikasema kumbe mtu huyu ni mwema. Ikabidi niiweke chini. Mjomba Povu naye atakuwepo, mkaguzi amemwita, atakaa kiti cha mbele yangu na jicho lake moja.

Kesho hotuba yako naiacha nyumbani.

Baba yako